Wazimamoto wa Ghorofa Yetu

Nimewahi kuishi na wanaume wajinga, mmoja wao alinioa, lakini ujinga uliovaa sare nimeuona Guangzhou, China, kwenye kikosi cha zimamoto cha ghorofa yetu.

Jengo lenyewe lilikuwa mtaa wa Xiaobei, ndani kidogo ya barabara kubwa. Chini kulikuwa na maduka ya simu, katikati ofisi za mawakala wa mizigo, na juu kwetu mchanganyiko wa kila kitu. Watanzania tulikuwa wengi, Wakenya wakafuatia, Wakongomani wachache, na mama mmoja wa Kichina muuza nywele za bandia, aliyetuzoea mpaka akitukasirikia anatukasirikia kwa Kiswahili. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye korido. Mbele niliweka rafu ya viatu vya watoto, eti sampuli, na nyuma ya pazia nikaweka jiko.

Viatu vilikuwa geresha. Nilikuja mji huu na mume wangu kununua nguo za jumla kwenye masoko ya Zhanqian na kuzipeleka dukani kwetu Dar es Salaam. Mume akarudi kusimamia duka, akasimamia na mke mwingine, mimi nikabaki na viatu ambavyo hakuna aliyevitaka. Siku moja nikajipikia wali wa nazi na samaki, mlango nimeuacha wazi, na kabla sijapakua watu walikuwa wamesimama kizingitini wanameza mate. Tangu siku hiyo sikumnyooshea mtu mkono. Jiko lile, na sufuria nilizozibeba kutoka Tanga, ndilo lililonifanya niwe mtu katika mji ambao mwanamke wa umri wangu, asiye na mume wala mtaji, hakuna anayemuuliza kaamkaje.

Meneja wa jengo alijua. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haraka, hakai chini. Alipita mbele ya mlango wangu, ananusa, anaendelea na safari yake. Mara moja tu alisimama akaniambia, nusu kwa Kichina nusu kwa mikono, kwamba nipikie umeme, nisilete gesi, na kwamba siku atakapoona moshi unatoka kwenye mlango ule ataufunga. Asipoona moshi, yeye hajui kitu. Nikamwambia tumeelewana. Na kweli tulielewana, mpaka wanaume wa ghorofa yetu walipoingilia.

Majengo ya hapa yana utaratibu mzuri. Kila moja linatakiwa kuwa na kikosi kidogo cha kujitolea, watu wa humohumo ndani, ambao moto ukitokea wanauwahi kabla gari la zimamoto halijafika. Ghorofa za chini, kwa Wachina, lilikuwa jambo la kawaida tu. Fundi umeme, mlinzi, muuza vifuniko vya simu, wanaitwa asubuhi, wanafundishwa kushika mtungi, wanarudi kazini kwao. Meneja akaona na sisi tuwe na kikosi chetu. Nadhani alitaka nyuso nyeusi kwenye picha zake za mwisho wa mwaka. Simlaumu. Hakujua anawapa nini watu gani.

Mtu wetu wa Afrika Mashariki mpe kazi atakukimbia, mpe cheo atakesha nacho. Kabla ya mtungi mmoja kuguswa walikaa kikao. Walichagua mwenyekiti, wakachagua makamu, katibu, katibu msaidizi, mweka hazina wa hazina isiyokuwepo, mlezi, na msemaji. Wakongomani walilalamika kwamba hawakuwakilishwa, ikabidi kiundwe cheo cha mshauri. Kikao kilipokwisha kila mtu alikuwa na cheo, na hakubaki hata mmoja wa kuzima moto. Niliwapelekea chai na maandazi nikiwa nimeyaona yote hayo kutoka mlangoni, nikasema, "Na zimamoto ni nani?" Walicheka sana. Walidhani ni utani.

Mwenyekiti hakutaka kuitwa mwenyekiti. Alitaka Kamanda, na Kamanda akawa. Alikuwa wakala wa mizigo, mtu wa Kariakoo, mnene, mwenye sauti ya kutangaza misiba. Nisimdhulumu, kazi yake ya kufunga mizigo aliijua. Ulimpa vikombe vya udongo, ukamwambia vinakwenda Mwanza kwa barabara mbovu, na vilifika. Alivingirisha kila kitu kwa plastiki, akakizungushia gundi ya njano, akakipigapiga kiganja kama mtu anayemsifu ng'ombe wake mnadani. "Hata meli ikipinduka," alikuwa akisema, "hiki kitafika bila mkwaruzo." Huo ndio ulikuwa ujuzi wake wote duniani, na ungemtosha kabisa kama angeridhika nao.

Msemaji wa kikosi alikuwa Mnairobi, muuza spea za pikipiki, ambaye simu haikuwahi kumtoka mkononi. Ndiye aliyepiga picha. Na picha ndizo zilizokuwa kazi ya kikosi, tusidanganyane. Asubuhi za mazoezi walivaa vizibao vyekundu vyenye mistari ya kung'aa, wakavaa kofia ngumu, wakajipanga koridoni huku wamevuta matumbo. Mmoja alishika mpira wa maji bila maji. Mwingine alielekeza kidole juu, sijui kwa nani. Halafu walibadilishana, kwa sababu kila mmoja alitaka ya kwake ya kumpelekea mkewe. Nimeambiwa Kariakoo nzima ilijua kwamba Kamanda ni ofisa wa zimamoto wa serikali ya China. Hakusema hivyo, masikini. Ila hakukanusha.

"Mathe, cheki hii, imeweza!" Mnairobi aliniletea simu siku moja mpaka juu ya sufuria ya maharage. Kwenye picha walikuwa wamekunja sura, wanakimbia, kumbe wamesimama.

"Mnakimbilia wapi?" nikamuuliza.

"Kwa moto, Mathe."

"Uko wapi huo moto?"

"Si lazima ukuwe, bana. Ni picha."

Walipewa na chumba. Kilikuwa stoo ya mafagio karibu na lifti, kidogo, bila dirisha. Wakakipaka rangi nyekundu, wakatundika vizibao kwenye misumari, wakaweka meza, na juu ya meza wakapanga redio za mkononi walizopewa na meneja. Redio hizo walizipenda kuliko watoto wao. Mtu yuko mlango wa tatu, anaitwa kwa redio: "Makamu, Makamu, njoo tunywe chai." Zilikuwa zikichajiwa mchana kutwa, pamoja na simu zao, pamoja na feni, kwenye waya mmoja mrefu wa matundu mengi ambao Kamanda aliutoa kwenye sampuli zake. Niuseme huo waya. Ulikuwa mwepesi mno, ukiushika unauhisi umejaa hewa. Alikuwa akipakia marobota na marobota ya waya huohuo kwenda nyumbani, ukauzwe kwa watu wetu wawashie taa za kusomea watoto. Nilimwambia unanuka ukipata moto. Akaniambia, "Bi mkubwa, wewe shughulika na masufuria."

Sasa kikosi kikikaa sana bila moto kinaanza kuutafuta. Walipoukosa waliuona kwangu. Kamanda alianza kuja kukagua. Anaingia na kizibao chake, mikono nyuma, anainama chini ya meza, anagusa ukuta, anatikisa kichwa.

"Bi mkubwa, nasema kwa heshima. Hili jiko lako ndilo hatari namba moja ya ghorofa hii."

"Sawa, Kamanda. Nikupakulie nini?"

"Leo kuna nini?"

"Ndizi na nyama."

"Basi weka na pilipili."

Anakaa, anakula mpaka jasho linamtoka, anajifuta mdomo, anasimama, anarudi kuwa Kamanda. Akitoka hapo anakwenda kwa meneja kumwambia kwamba kikosi kinafuatilia kwa karibu suala la jiko. Shibe yangu ikiwa tumboni mwake! Meneja akaja kuniambia yale yale aliyoniambia mwanzo, safari hii bila tabasamu, na mbele ya mashahidi. Moshi ukionekana, mlango unafungwa. Nikaanza kupika huku nimeweka kitambaa kibichi chini ya mlango na feni dirishani, nachungulia korido kitunguu kikianza kubadilika rangi. Miaka yote ile sikuwa nimeogopa kupika. Walinifundisha wao.

Kisha likaja tangazo kwamba wakubwa wa mtaa watatembelea vituo vya zimamoto vya majengo. Ghorofa za chini walichukua kitambaa wakafuta vumbi. Yetu ikafanya kikao. Kamanda akasimama, akasema vumbi la mji huu halifutiki, linarudi jioni, na kwamba yeye kama mtaalamu ana njia ya kudumu. Najua mtu yeyote mwenye akili timamu ameshaanza kuona tulikokuwa tukielekea. Wao hawakuona. Walimpigia makofi.

Siku nzima nilisikia gundi ikivutwa, ile sauti ya kukwaruza meno. Nilipotoka jioni nilikuta mitungi yote ya kuzimia moto ya ghorofa yetu imevingirishwa plastiki kuanzia chini mpaka kwenye mkono wa kubonyezea, tabaka juu ya tabaka, imezungushiwa gundi kila kona. Mpira wa maji nao umefungwa kama robota la vitenge. Kabati jekundu la mpira huo nalo limepigwa gundi mlangoni lisijifungue ovyo. Kila kitu kinang'aa. Juu ya mtungi wa kwanza Makamu alikuwa amebandika karatasi ya mshale wa kuonyesha upande wa juu, ile wanayobandika kwenye friji.

"Hata meli ikipinduka, Bi mkubwa," Kamanda akaniambia, na akaupigapiga mtungi.

"Na moto ukiwaka?"

Akanitazama kwa huruma. Nilitamani kumrushia mwiko.

Wakubwa walikuja, wakapita haraka, wakapiga picha kutoka mbali, wakasifu usafi. Tangu hapo plastiki ikawa heshima ya ghorofa, na hakuna aliyethubutu kuitoa.

Moto ulikuja Ijumaa, mchana, watu wametoka msikitini. Siku za Ijumaa nilipika pilau, na waliosali na wasiosali wote walijaa koridoni wakisubiri. Kikosi kizima kilikuwepo, hakuna hata mmoja wa kusingizia safari. Mimi nilikuwa nakata kachumbari. Nilisikia harufu, nikajua mara moja si ya kwangu, kwa sababu ilikuwa ya plastiki. Nikachungulia. Moshi mweusi ulikuwa ukitoka chini ya mlango wa chumba cha kikosi.

Mtu akaufungua ule mlango, na ndani nikaona vizibao vinawaka kwenye misumari yake, kimoja kinadondokea kingine, na juu ya meza ule waya umeyeyuka umeshikamana na redio. Haukuwa moto mkubwa. Mtungi mmoja ungeumaliza. Wakakimbilia mitungi. Hapo ndipo nilipouona ufundi wa Kamanda ukifanya kazi yake, kwa sababu aliifunga vizuri. Watu wazima, wenye ndevu, waliivuta ile plastiki kwa kucha. Mmoja aliing'ata. Katibu na katibu msaidizi walinyang'anyana mtungi mmoja, kila mmoja akiuzungusha upande wake, wakawa wanaukaza zaidi. Visu vya kukatia maboksi, ambavyo siku nyingine hukanyagi sakafu bila kukikanyaga kimoja, Kamanda alikuwa ameagiza vyote vifungiwe, eti kwa usalama. Vilikuwa kwenye droo ya meza. Meza ilikuwa inaungua.

Kamanda mwenyewe alisimama katikati ya korido na redio yake mdomoni. "Kikosi, kikosi, kuna moto, nasikilizwa?" Waliokuwa wakimsikiliza walikuwa mbele yake, na redio zao zilikuwa zikiungua ndani.

Nilikuja na kisu cha kachumbari. Sikufanya ushujaa wowote, nilikata plastiki tu kama ninavyokata nyama, nikamrushia Mnairobi mtungi, nikafungua mwingine nikampa Mkongomani aliyekuwa karibu. Mama wa nywele alikwisha kuzima umeme, huku akitutukana wote kwa lugha mbili. Mnairobi aliubonyeza mtungi ukiwa umeelekea kwetu. Unga mweupe ukatupiga usoni, ukajaa korido nzima, ukaingia kwangu, ukatulia juu ya pilau yangu iliyokuwa wazi. Sufuria zima. Halafu akaugeuza, na moto ukafa.

Walisimama pale weupe kutoka utosini, wanakohoa, na kwa kitambo nikadhani wameona haya. Kisha Makamu akauliza kama kuna aliyepiga picha.

Hakuna aliyepiga. Hilo ndilo lililowauma. Chumba walikisafisha siku ileile, wakakipaka rangi mpya, waya ukatupwa. Meneja alikuwa Foshan, mji wa jirani, aliporudi kesho yake aliambiwa kwamba kulitokea moto na kikosi kimeuzima chenyewe, bila kuita gari. Alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Alitaka picha azipeleke haraka kwa wakubwa wa mtaa. Kikosi cha wageni kimezima moto, hiyo ilikuwa habari kubwa kwake.

Wakaja kwangu, Kamanda mbele, Mnairobi nyuma na simu. Walitaka moshi.

"Kidogo tu, Mathe," Mnairobi akasema. "Weka kitu kwa sufuria kiungue. Sisi tutakimbia nje hapo, napiga, imeisha."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wameniandama kwa ajili ya moshi, wamenifanya nipike kama mwizi, sasa wanakuja kuniomba huohuo moshi. Niliwatolea uvivu. Niliwaambia waende wakawashe tena stoo yao ya mafagio, wanajua njia. Kamanda akashusha sauti.

"Bi mkubwa, nikwambie ukweli. Hizi picha zikienda vizuri, meneja atakuwa mtu wetu. Mimi mwenyewe nitasimama kukusemea. Suala la jiko nalifuta leo. Wallahi."

Aliapa, na alikuwa ametoka kula kwangu. Nikachoma kitambaa kibichi kwenye kikaango. Moshi ukatoka mlangoni mwangu, mnene, wa kupendeza, na wanaume wale wakaukimbilia na vizibao vya kuazima kutoka ghorofa ya chini, wakaanguka, wakasaidiana kuinuka, wakaelekeza mitungi. Walirudia mpaka Mnairobi akaridhika. Hawakuwahi kufanya kazi kwa bidii namna ile siku ya moto wenyewe.

Baada ya siku chache bendera ya sifa ikaletwa. Ni kitambaa cha mahameli chekundu, cha kutundika ukutani, chenye maandishi makubwa ya rangi ya dhahabu na mashada pembeni, ambacho watu wa huku humpa daktari aliyewaponya au polisi aliyewarudishia pochi. Meneja alimkabidhi Kamanda koridoni, makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Kisha meneja akageuka, akaja mpaka mlangoni kwangu, na nyuma yake mlinzi ana kopo la gundi na karatasi ndefu nyeupe yenye mhuri, ile ya kubandikwa kwenye mlango uliofungwa. Akanionyesha simu. Kwenye simu palikuwa na mlango wangu, na moshi unatoka.

"Mama," akasema, kwa sababu na yeye aliniita hivyo kama wote. "Nilikuambia."

Nikamweleza. Kichina changu ni cha sokoni, lakini siku hiyo kilitosha. Nikamwambia moto ulikuwa chumba cha kikosi, na moshi huu niliombwa. Mama wa nywele akatoka dukani kwake, akanisemea kwa ukali mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Meneja alisikiliza yote. Si mwanamke mbaya, na nadhani alituamini. Lakini picha ilikwishafika kwa wakubwa, na picha haisemi stoo, inasema jiko. Akamgeukia Kamanda.

"Wewe ndiye kiongozi wao. Wewe ukisema moto ulikuwa mahali pengine, nitawaandikia upya. Ulikuwa wapi?"

Kamanda alikuwa ameikunja ile bendera kwapani. Lilihitajika neno moja, na neno lenyewe ni jina la chumba kilichokuwa hatua chache nyuma ya mgongo wake, bado kinanuka rangi. Alinitazama. Akatazama rangi ya dhahabu inayochungulia kwapani mwake. Mtu mwenye sauti ya kutangaza misiba, na hakikumtoka kitu. Wengine nao, Makamu, Katibu, Mlezi, wote waliokuwa wakilamba vidole mezani kwangu, walitazama viatu vyao. Mnairobi alijifanya anasoma ujumbe.

"Mei wenti," Kamanda akasema mwishoni, maneno tunayoyatumia sokoni mtu akiuliza kama bei imekubalika. Hakuna tatizo.

Siku hizi watu huniuliza kama alipanga. Hakupanga. Ningefurahi kama angekuwa mwovu, ningekuwa na mtu wa kumchukia kwa heshima. Yule hakuwa na akili ya kupanga njama. Alipenda picha, akaomba moshi, akasahau. Ilipofika zamu ya kusema, alikuwa na bendera na hakutaka kuirudisha. Ni hivyo tu. Jiko langu liliuzwa kwa kitambaa.

Nilipewa muda wa kutoa vyombo kabla ya karatasi kubandikwa. Nililia, sitaficha, nililia kwa hasira huku nateremsha makopo ya viungo. Nilipogeuka nikawakuta mlangoni, kikosi kizima, bila sare, wameshika marola ya plastiki na gundi. Hakuna aliyesema samahani. Kamanda aliingia, akapiga magoti mbele ya sufuria zangu za Tanga, akaanza kufunga. Wengine wakamfuata. Walifunga kila kitu, mwiko, kibao cha chapati, hata kopo la chumvi, kimyakimya, kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwa mwanaume. Hiyo ndiyo lugha waliyokuwa nayo, na mimi sikuitaka. Niliwaacha wafanye kwa sababu muda niliopewa ulikuwa unakwisha. Alipomaliza sufuria kubwa aliipigapiga kiganja, akafungua mdomo aseme lile neno lake la meli, akaona uso wangu, akaufunga.

Nilipata chumba mbali na Xiaobei, ambako wateja wangu hawafiki na majirani hawajui pilau ni nini. Napikia watu wachache wanaoagiza kwa simu. Nilipofika na mizigo yangu nilitaka kupika chai, na sikuweza kufungua kitu. Kisu nacho walikuwa wamekifungia ndani. Nilikaa sakafuni nikiing'ata gundi ya Kamanda, namtukana yeye na ukoo wake, mpaka sufuria kubwa ikaachia.

Ndani ya sufuria kulikuwa na kisu changu cha kachumbari, kimefungwa kwa kitambaa kizito ili kisikwaruze. Nikakifungua kitambaa. Kilikuwa kile cha mahameli, chekundu, na mashada yake.

Mama wa nywele ameniambia kwa simu kwamba msumari wa chumba cha kikosi uko mtupu mpaka leo, na meneja akiuliza, Kamanda anasema bendera iko kwa dobi. Alikuwa na ujasiri wa kuifungasha, ujasiri wa kusema hakuwa nao. Hajanipigia, wala sijamsamehe, na sijaitundika. Nimeikunja mara nne, naitumia kuepulia sufuria. Maandishi ya dhahabu yameshaanza kuungua, na nikiishika siungui.